Misuli ya hewa ya kitambaa kwenye roboti za kuvaa: maswali yanayoulizwa kila mara

Hivi hii kitu ni nini hasa?

Ni mfuko wa kitambaa usiopitisha hewa, umekatwa na kushonwa kwa mpangilio fulani, ukiujaza hewa unajikunja au unajinyoosha au unajifupisha, na kwa kuwa umefungwa mwilini basi kiungo chako kinaenda nao. Ndo hivyo tu. Weka mfuko kwapani, ukijaa mkono unapanda. Weka nyuma ya goti, ukijaa mguu unanyooka. Ukiunganisha mfuko na pampu, valvu (vilango vya kupitisha au kuzuia hewa), sensa na kikompyuta kidogo unakuwa na roboti unayoivaa kama koti, haina vyuma vya kukubana wala mota ya kukuning'inia begani.

Na kama umewahi kupimwa presha basi ushavaa ndugu yake wa karibu. Ile mkono ya mashine ya presha ni ganda la nailoni lenye tyubu ndani, mrija na pampu ya kuminya. Tofauti ni kwamba ile kazi yake kubana, hizi kazi yake kusogeza.

Kwani hewa ina nguvu kiasi hicho?

Inayo, watu wanaidharau tu. Nguvu ni presha mara eneo. Chukua kipande cha sentimita 8 kwa 10, kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima na vidole vyake, kiwekee kilopaskali 50, yani chini ya robo ya presha iliyopo kwenye tairi la gari ndogo. Unapata nyutoni 400, sawa na kunyanyua kilo kama 40. Kwa presha ambayo pampu ya mkono inaifikisha bila shida.

Ila usishangilie mapema, manake nguvu hiyo ipo pale mwanzo tu mfuko ukiwa umebanwa flati. Kadri unavyovimba na kuwa duara, sehemu inayogusana na mwili inapungua na nguvu inashuka nayo. Ndo maana ukiona mtu anakutajia nguvu ya misuli ya hewa bila kusema ikiwa kwenye pembe gani au imejifupisha kiasi gani, jua amekupa namba ya kuuzia.

Nani alianzisha?

Jina linalotajwa siku zote ni Joseph McKibben, mwanafizikia Mmarekani aliyefanya kazi Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia. Miaka ya 1950 binti yake alipata polio mikono ikapooza, baba akatengeneza tyubu ya mpira iliyovalishwa wavu wa nyuzi zilizosukwa mshazari. Ukiweka gesi tyubu inataka kutanuka upana, wavu hauna cha kuongeza kwa hiyo unanenepa na kuwa mfupi, na ule ufupi ndo unavuta vidole. Inajifupisha mpaka nyuzi za wavu zifike pembe ya digrii 54.7 hivi kutoka kwenye urefu wa tyubu, ikifika hapo hata uongeze presha vipi haijifupishi tena. Miaka ya 1980 Bridgestone, hao hao wa matairi, wakaitoa kama bidhaa ya roboti. Alafu ikapoa, ikarudi kwa kasi kwenye miaka ya 2010 watu walipoanza kutaka roboti laini za kuvaa.

Mbona kitambaa? Si watu walikuwa wanatumia silikoni?

Walikuwa, na silikoni bado ipo. Shida yake nzito, nene, na nguvu nyingi inaishia kuvuta mpira wenyewe kabla haijafika kwenye kidole chako. Kitambaa cha nailoni kilichopakwa TPU (plastiki laini inayoyeyuka kwa joto na kuganda tena) ni chembamba kama kitambaa cha mwavuli, hakina hewa ndani kinakunjika kinaingia mfukoni, na kwa vile hakivutiki hewa yote inakwenda kwenye kazi.

Kuna sababu nyingine ambayo mi naiona ndo kubwa zaidi ila wahandisi wengi wanaipitia juu juu: kitambaa kinakuja na akili yake tayari. Kilichosukwa kwa mtande na mshindio hakivutiki ukikivuta kufuata uzi, ukikivuta mshazari kinalegea. Kilichofumwa, kama cha tisheti, kinavutika, na vingi vinavutika upande mmoja kuliko mwingine. Fundi cherehani yeyote anajua hili, anajua ukikata gauni upande litakaaje mwilini. Sasa kwenye roboti laini tabia hiyo ndo programu yenyewe, unaamua mwendo wakati unakata na mkasi.

Kivipi? Kitambaa kinajuaje kujikunja badala ya kuvimba tu?

Tuchukue kidole cha glovu. Unaweka mfuko mrefu mwembamba juu ya kidole. Upande unaogusa kidole ni kitambaa kisichovutika, upande wa juu ni kilichofumwa kinachovutika kwa urefu. Hewa ikiingia, juu kunarefuka chini kunagoma, hakuna namna zaidi ya kujikunja kuelekea upande uliogoma. Kidole kinafunga. Unataka kidole kinyooke, unaweka mfuko wa pili ambao pande zote hazivutiki, ukijaa unataka kunyooka kama mpira wa kumwagilia bustani uliofunguliwa maji. Glovu ya namna hii ilitoka kwenye maabara ya Conor Walsh pale Harvard, matokeo wakayatoa 2018, waliojaribu ni watu walioumia uti wa mgongo na mikono haina nguvu ya kushika.

Njia nyingine ni marinda. Upande mmoja unauwekea marinda ya kutosha, mwingine unauacha flati. Hewa ikiingia marinda yanafunguka, upande huo unakuwa mrefu, mfuko unapinda. Hii inapendwa kwa sababu huhitaji kitambaa kinachovutika, na kukunjua rinda hakugharimu nguvu karibu yoyote.

Ya tatu ndo naipenda kwa urahisi wake. Chukua vipande viwili flati, ziba pembeni, mfuko wenye upana wa sentimita 10. Ukiujaza unakuwa duara, mzunguko wake sentimita 20, kwa hiyo kipenyo ni 20 gawanya kwa 3.14, unapata kama 6.4. Yani upana umepungua kutoka 10 hadi 6.4, asilimia 36, bila kitambaa kuvutika hata kidogo. Panga mifuko kumi mfululizo unapata msuli unaovuta. Hesabu hiyo ni kikomo cha nadharia, ukiweka mzigo hupati yote, ila bado ni nzuri sana kwa kitu kilichozibwa kwa pasi. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, Niiyama, Rus na Kim, walilifanyia kazi wazo hili mwaka 2014 hivi.

Ipi bora, ya kuvuta au ya kusukuma?

Kwa mwili wa binadamu, ya kusukuma. Najua kuna watakaobisha.

Sababu iko hivi. Msuli wa kuvuta unahitaji sehemu mbili za kushikilia, na mwilini hakuna sehemu ya kushikilia isipokuwa mikanda juu ya nyama. Ukivuta kwa kilo 20 au 30, kabla kiungo hakijasogea mkanda unateleza, ngozi inavutwa, suruali inapanda, na nusu ya mwendo uliohesabu kwenye kompyuta umepotelea kwenye kitambaa na mafuta ya mwili. Mfuko wa kusukuma unakaa katikati, kati ya mkono na mbavu au kati ya paja na muundi, unasukuma pande zote mbili, mikanda yenyewe kazi yake ni kuuzuia usichomoke tu. Ukiangalia vifaa vya kitambaa vilivyofika kwa wagonjwa wa bega, wameenda njia hii.

Inatosha kuinua mkono wa mtu mzima?

Tupige hesabu. Mkono mzima ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili, mtu wa kilo 70 mkono wake ni kilo 3.5 hivi. Ukiunyoosha mbele, kitovu cha uzito kipo kama sentimita 30 kutoka begani, kwa hiyo bega linadaiwa kama nyutonimita 10 (nguvu mara umbali kutoka begani). Mfuko wa kwapani unaosukuma sentimita 15 kutoka begani unatakiwa utoe nyutoni 70, kilo 7 hivi. Kwa kilopaskali 50 unahitaji eneo la sentimita za mraba 14 tu, kama kisanduku cha kiberiti. Inatosha na chenji inabaki, na huhitaji kubeba mzigo wote pia, ukimpunguzia mtu nusu tu tayari ni tofauti kubwa kwake.

Kuna mgonjwa aliyesaidika kweli au ni video za maabara tu?

Wapo. Januari 2023 timu ya Harvard wakishirikiana na madaktari wa Massachusetts General Hospital walitoa matokeo ya watu 10 wenye ALS, ule ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli kidogo kidogo. Kifaa ni fulana yenye puto la kitambaa kwapani, betri kiunoni, na sensa zinazosoma mkono unavyojaribu kusogea. Wakikivaa mkono ulifika mbali zaidi na haukuchoka haraka. Hakikuwaponya, wala hakizuii ugonjwa kuendelea, ila kujilisha mwenyewe ni kitu.

Hewa inatoka wapi?

Hapa ndo penye kilio. Kitambaa tushakimudu, hewa ndo inatusumbua.

Mfuko wa lita moja ukitaka ufike kilopaskali 50 juu ya hewa ya kawaida unahitaji kama lita moja na nusu ya hewa ya nje. Pampu ndogo ya betri iliyoandikwa lita 5 kwa dakika ingechukua sekunde 18, na hiyo ni kama ingebaki na kasi hiyo hiyo, haibaki, presha ikipanda pampu inapungua. Sasa nani anataka kusubiri sekunde 20 na zaidi kunyanyua kijiko? Kwahiyo unaweka pampu kubwa, pampu kubwa inapiga kelele na inakula betri, unaongeza betri, mtu amebeba begi. Au unaweka chupa ya gesi ya CO2, ipo kimya na ina kasi, ikiisha imeisha. Au unaweka tanki dogo la kuhifadhi presha ili pampu ijaze polepole wakati mtu katulia. Au unafanya mfuko wenyewe uwe mdogo, na hii ndo dawa bora, unapunguza nafasi ya ndani ili lita moja iwe robo lita.

Pale Rice University, Houston, maabara ya Daniel Preston walikuja na wazo tamu mwaka 2022, pampu ya kitambaa iliyowekwa kwenye soli ya kiatu. Ukitembea unaikanyaga, hewa inapanda, inahifadhiwa, ukitaka inaendesha msuli wa mkono. Hakuna betri. Bila shaka haimsaidii asiyeweza kutembea, lakini kwa mtu mwenye shida ya mikono peke yake inaleta maana. Hao hao wametengeneza na valvu za kitambaa zinazofanya maamuzi kwa hewa bila umeme, kwa kukunjika na kufunga njia, ile kuminya mrija hewa isipite.

Roboti inajuaje nataka kunyanyua mkono?

Njia rahisi ni kitufe. Njia nzuri ni sensa ndogo za mwendo, za aina iliyopo kwenye simu yako inayojua umeilaza au umeisimamisha. Mtu mwenye nguvu kidogo iliyobaki akijaribu kuinua, sensa inaona digrii mbili tatu za mwendo, mfuko unaanza kujaa. Za kusoma umeme wa misuli kupitia ngozi zipo pia, ila jasho likiingia zinaanza kukudanganya.

Si wangetumia maji?

Wapo waliotumia, kuna glovu za silikoni za maji. Maji hayabonyei kwa hiyo yanatii haraka. Ila lita moja ni kilo moja, unavaa ndoo.

Kwapani hapaumii?

Swali zuri na ningependa liulizwe zaidi. Pale mfuko unapolalia mwili flati, presha inayoikuta ngozi ni karibu sawa na presha ya ndani. Kilopaskali 50 ukiibadili kwenye kipimo cha daktari ni milimita 375 za zebaki, na mashine ya presha yenyewe kwa kawaida haifiki huko. Kwapani panapita mshipa mkubwa wa damu na neva zote za mkono. Kwahiyo mfuko unashonwa usukume kwenye mkono wa juu na ubavu, sio kwenye shimo la kwapa lenyewe, na unatolewa hewa kila mkono unapopumzika. Mtu akikuonyesha kifaa kinachokaa kimejaa masaa, kikatae.

Inaweza kupasuka?

Inaweza, ila haipasuki kama tairi la lori. Mara nyingi inaanza kubanduka kwenye mshono, fsssss, mkono unashuka taratibu. Nayo ni moja ya faida zake, ikifeli inafeli kwa upole.

Mshono ndo wa kuangalia. Mfuko wa duara wenye nusukipenyo ya sentimita 4 kwa kilopaskali 50 unauvuta mshono kwa nyutoni 20 kila sentimita moja, kama kilo 2. Ukiziba vipande viwili midomo ikiangalia nje, presha inaubandua mshono kama unavyofungua pakiti ya krispi, nao haustahimili hivyo. Ukivilaza kimoja juu ya kingine, presha inavivuta sambamba, na gundi ile ile inabeba zaidi sana.

Nataka kujitengenezea. Nianze na nini?

Anza na mkono ya mashine ya presha ya zamani, ile ya kuminya yenye saa. Usiifunge kuzunguka mkono. Ikunje katikati, iweke ndani ya kiwiko kilichokunjwa, funga ufunguo wa hewa, minya. Utaona kiwiko kinafunguka chenyewe, na utasikia hasa pale mwanzo kinavyosukuma kwa nguvu alafu kinalegea kikikaribia kunyooka. Hapo ushaelewa nusu ya mambo niliyoandika hapo juu.

Baada ya hapo shona wako. Cherehani inatoboa, kwahiyo ukishona kitambaa cha TPU kwa sindano umetengeneza chujio. Kuna njia mbili. Ya kwanza unaziba kwa joto tupu, pasi ya nguo na karatasi ya kuokea keki katikati TPU isigande kwenye pasi, au ile mashine ya kuzibia mifuko ya karanga. Ya pili unatenganisha kazi, tyubu ya ndani ya plastiki laini inashika hewa, ganda la nje la kitambaa kigumu lililoshonwa kwa cherehani linashika nguvu. Siri ni kwamba tyubu iwe kubwa kidogo kuliko ganda, ili ganda lijae kabla tyubu haijavutika, vinginevyo unabebesha nguvu kitu kisichoziweza. Kitambaa cha mahema ya mitumba kinafaa sana kwa ganda, chagua ambacho hakijachoka na jua.

Naweza kumvalisha mzee wetu aliyepata kiharusi?

Cha kujitengenezea, hapana. Baada ya kiharusi bega mara nyingi limelegea na mfupa unashuka kwenye kiungo chake, ukilisukuma vibaya unaliumiza, na wengine misuli inakaza ukiivuta haraka. Wengine pia hawasikii vizuri maumivu upande huo kwahiyo huenda asikwambie. Muone mtu wa fiziotherapia kwanza.

Zipo za kununua?

Zipo chache. Japani kuna Muscle Suit Every ya Innophys, kampuni iliyozaliwa Tokyo University of Science. Ilitoka 2019, kilo 3.8, unaijaza kwa pampu ya mkono, haina umeme kabisa, inakusaidia kiuno unapoinama na kunyanyua mizigo, iliuzwa kama yeni 150,000. Ndani ni misuli ya McKibben, tyubu na wavu, na ina fremu, kwahiyo sio kitambaa tupu. Marekani Roam Robotics wa San Francisco walianza na ya magoti ya watu wanaoteleza kwenye theluji kisha wakaingia kwenye goti la mgonjwa. Zinazotangazwa sana kama nguo za roboti nyingi ni za kamba na mota, soma vizuri kabla hujalipa.

Inafuliwa? Na joto la huku pwani?

Chomoa mirija, ziba matundu, fua kwa mkono na sabuni ya kawaida, anika kivulini, usipige pasi kabisa. Kuhusu pwani, TPU zipo aina mbili, yenye asili ya polyesta na yenye asili ya poliyetha. Ya kwanza inaliwa na joto na unyevu, baada ya muda inakuwa ya kunata na kubanduka. Ukiwa Tanga au Mombasa uliza muuzaji akupe ya poliyetha. Akikuangalia tu bila jibu, tafuta mwingine.

Inavuja na sioni tundu, nifanyeje?

Beseni la maji, jaza mfuko hewa kidogo tu, zamisha kipande kwa kipande, fuata mapovu. Anza na pale mrija unapoingilia maana asilimia kubwa ya uvujaji upo hapo, kisha kona za mshono. Kausha kabisa, weka kiraka cha kitambaa kile kile upande uliopakwa ukiangalia upande uliopakwa, pasi ya moto wa wastani na karatasi juu, gandamiza, acha kipoe kikiwa bado kimegandamizwa. Ukikiinua kikiwa cha moto kinabanduka.